Viwanja vya Nyasi: Jinsi Ndege Ndogo Zilivyovifikia Visiwa vya Uskoti

Bahari kwanza

Bara la Uskoti linapokoma upande wa kaskazini kuna mlango wa bahari uitwao Pentland Firth. Hapo Atlantiki na Bahari ya Kaskazini husukumana kila maji yanapojaa na kupwa, na mkondo wake ni miongoni mwa mikondo yenye nguvu kubwa duniani. Ng'ambo yake viko visiwa vya Orkney, karibu 70, na takriban 20 kati yake ndivyo vyenye wakazi. Mbele zaidi kaskazini iko Shetland, na upande wa magharibi umetanda mlolongo wa Hebrides.

Kabla ya 1933, aliyetaka kutoka Inverness kwenda Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, alipanda treni mpaka Thurso, kisha akavuka kwa meli ya St Ola, iliyofanya kazi hiyo tangu 1892 hadi 1951. Bahari ikitulia, safari ilimaliza sehemu kubwa ya siku. Ikichafuka, meli haikung'oa nanga. Wakazi wa visiwa vya pembezoni kama North Ronaldsay walipata shida maradufu, kwa kuwa baada ya kufika Kirkwall bado walikuwa na bahari nyingine mbele yao. Mtu aliyepasuka kidole tumbo wakati wa dhoruba alibaki mikononi mwa Mungu.

Historia za usafiri wa anga hupenda kuanza na injini. Kwa visiwa hivi naona tuanze na shamba. Ndege zilibadilika, kampuni ziliundwa na kufa, serikali ilitaifisha na baadaye ikaachia. Lakini kisiwa gani kipate ndege na kipi kibaki na mashua, hilo liliamuliwa na jambo moja: je, alikuwapo mkulima aliye radhi kutoa malisho yake, na majirani walio radhi kuyasafisha?

1931–1934: Rubani na shamba la Wideford

Ernest Edmund Fresson, ambaye watu walimwita Ted, alizaliwa mwaka 1891 na alirusha ndege katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye aliishi kama walivyoishi marubani wengi wa zama zile: anatua shambani nje ya mji, anawauzia watu tiketi ya kuzungushwa angani kwa dakika chache, kisha anahamia mji mwingine. Kazi hiyo ilikuwa chuo. Ilimlazimu rubani kuisoma ardhi akiwa juu, kutofautisha malisho magumu na tope kwa rangi ya majani, kujua upepo unatoka wapi kwa kuangalia moshi wa nyumba, na kukisia urefu wa shamba ambalo hakuna mtu aliyewahi kulipima kwa ajili ya ndege.

Mwaka 1931 kazi hiyo ilimfikisha Orkney. Alichokiona kilimbadilishia maisha. Visiwa karibu havina miti, sehemu kubwa ya ardhi ni tambarare au mteremko mpole, na wenyeji ni wafugaji, hivyo nyasi ziko kila mahali. Na ule mlango wa bahari uliotesa meli kwa saa nyingi, ndege iliuvuka kwa dakika chache tu.

Miaka miwili ikapita akitafuta fedha. Hatimaye wafanyabiashara wa magari wa Inverness, Macrae & Dick, walimuunga mkono, na gazeti la The Scotsman likampa mkataba wa kupeleka magazeti Orkney. Mkataba huo ulikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu abiria anaweza kuahirisha safari, bali gazeti la leo halina maana kesho. Fresson alipata mzigo wa uhakika wa kila siku kabla hajampata abiria wa kwanza. Kampuni yake, Highland Airways, iliundwa Aprili 1933, na tarehe 8 Mei ikaanza safari za Inverness, Wick na Kirkwall kwa ndege ndogo ya injini mbili aina ya Monospar. Upande wa Kirkwall ilitua Wideford, shamba lililo nje kidogo ya mji.

Wakati huohuo kiwanda cha de Havilland kilikuwa kimetoa chombo kilichofaa zaidi. Edward Hillman, mwenye mabasi wa Essex, alikuwa ameomba ndege ya injini mbili ambayo uendeshaji wake ungekuwa nafuu. Akapewa DH.84 Dragon, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1932: mbao na kitambaa, mabawa mawili kila upande, injini mbili za nguvufarasi 130 kila moja. Ilikuwa nyepesi, ilipanda haraka, na haikuhitaji lami. Mdogo wake, Dragon Rapide, alikuja 1934. Msomaji wa Nairobi anayepita Uwanja wa Wilson ana undugu na hadithi hii: kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, nayo iliitumia Dragon Rapide katika huduma zake za Afrika Mashariki, ikiunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam.

Adui mkubwa wa Fresson alikuwa upepo. Siku za dhoruba, upepo wa Orkney huweza kukaribia kasi ile ambayo Dragon iliihitaji ili ielee tu. Maana yake ni kwamba ndege ikielekezwa kwenye upepo huo inashuka karibu wima, polepole, magurudumu yakigusa nyasi bila kukimbia. Hatari ilianza baada ya kutua, kwa kuwa ndege iliyosimama bado ilikuwa inataka kuruka. Kwa hiyo wanaume walisubiri pembeni mwa shamba, na magurudumu yalipogusa tu walikimbia kuyashika mabawa, wawili huku na wawili kule, wakatembea nayo mpaka kwenye kinga. Rubani hakuzima injini hata kidogo mpaka awe na hakika kwamba wameishika. Bila mikono ile pasingekuwa na ratiba ya majira ya baridi.

Na ratiba ilifuatwa. Ndiyo iliyoishawishi Posta ya Uingereza kufanya jambo ambalo haikuwa imelifanya popote nchini: kuanzia tarehe 29 Mei 1934, barua za kawaida, zenye stempu ya bei ya kawaida, zilibebwa kwa ndege kutoka Inverness hadi Kirkwall bila mtumaji kulipa nyongeza. Watu waliokuwa wakichelewa kuliko wote nchini sasa walitangulia kuwa na posta ya ndege ya kila siku.

Mei 1933: Mvuvi wa Islay

Siku sita tu baada ya safari ya kwanza ya Fresson, upande wa pili wa Uskoti lilitokea jambo lililofungua ukurasa mwingine. Kampuni ya Midland & Scottish Air Ferries, ya mwenye mabasi John Sword, ilikuwa inaruka kutoka Renfrew, karibu na Glasgow, kwenda visiwa vya magharibi. Tarehe 14 Mei 1933 mvuvi mmoja wa kisiwa cha Islay alikuwa katika hali mbaya sana ya tumbo, na daktari akaona safari ya bahari na barabara ingemuua. Dragon ikaitwa. Rubani Jimmy Orrell alimchukua, na hospitali za Glasgow zikawa umbali wa saa moja hivi.

Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa safari ya kwanza ya ndege ya wagonjwa Uskoti, na mgonjwa alipona. Kampuni ya Sword haikudumu. Ilifungwa mwaka uliofuata, lakini Northern & Scottish Airways ikaishika kazi, na rubani wake David Barclay, katika maisha yake ya kazi, alibeba wagonjwa kwenye safari zaidi ya 1,200. Katika kisiwa cha Barra, ambako shamba la kufaa lilikosekana, walitua ufukweni Tràigh Mhòr maji yakiwa yamekupwa. Ndege za abiria hutua hapo mpaka leo, na ratiba hufuata maji.

Wauguzi walioruka na marubani hao miaka iliyofuata walitoka hospitali ya Southern General ya Glasgow, na walikwenda kwa kujitolea. Simu ililia usiku, wakapanda.

1934–1939: Kisiwa kwa kisiwa

Fresson hakutosheka na Kirkwall. Mwaka 1934 alianza kuvifikia visiwa vya kaskazini mwa Orkney, na njia yake ilikuwa rahisi kuieleza ingawa ngumu kuitekeleza: akizunguka juu ya kisiwa alichagua shamba, akatua, akaongea na mwenye shamba. Mkulima wa Orkney ana ng'ombe na kondoo, na ardhi yake imegawanywa kwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Kuruhusu ndege kulimaanisha kubomoa ukuta, kufukia mtaro, kuondoa mawe, na kuwahamisha wanyama kila injini inaposikika.

North Ronaldsay ndicho kisiwa ninachokipenda zaidi katika kipindi hiki. Kimezungukwa chote na ukuta wa mawe wa kilomita kama 20, uliojengwa karne ya 19 ili kuwaweka kondoo upande wa pwani, na kondoo hao huishi kwa kula mwani. Watu waliozoea kukutana mara kwa mara kuutengeneza ukuta wa jumuiya hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuandaa uwanja wa jumuiya. Hicho ndicho kisiwa cha mbali kuliko vyote, chenye bandari mbaya, na ndicho kilichokuwa na haja kubwa zaidi. Mwaka 1939 kilianza kupata hata barua zake kwa ndege.

Ushindani nao haukukosekana. Eric Gandar Dower alijenga uwanja wa Dyce huko Aberdeen na kuanza kuruka kaskazini, na mwaka 1936 yeye na Fresson walikimbizana kuifikia Shetland, wakianza huduma za Sumburgh ndani ya siku zilezile za mwanzo wa Juni. Mwaka 1937 Highland Airways na Northern & Scottish ziliunganishwa kuwa Scottish Airways.

Kwa mtazamo wangu, miaka hii mitano ndiyo bora kuliko yote katika historia hii. Mtandao mzima uliendeshwa juu ya malisho ya watu binafsi, kwa ridhaa ya mdomo na desturi ya ujirani.

1939–1948: Lami, na aliyeachishwa kazi

Fresson alikuwa wa kwanza kuujua udhaifu wa nyasi. Mvua ya majira ya baridi iligeuza mashamba kuwa matope, na ndege nzito isingeweza kuinuka. Alipoombwa ushauri na Jeshi la Majini kuhusu uwanja mpya wa Hatston, karibu na Kirkwall, alisisitiza zijengwe njia za lami, jambo geni wakati ule nchini Uingereza. Wakamsikiliza. Tarehe 10 Aprili 1940 ndege za Skua zilipaa kutoka Hatston, zikavuka bahari mpaka Bergen na kuizamisha manowari ya Kijerumani Königsberg. Ziliruka kutoka kwenye lami ambayo rubani wa malisho ndiye aliyeipigania.

Lakini vita vilivyoleta lami Kirkwall viliua safari za visiwa vidogo. Huduma kati ya visiwa vya Orkney zilisitishwa 1939. Amani iliporudi, serikali ilitaifisha kampuni za ndege, na Februari 1947 shirika la BEA likachukua zile za Uskoti. BEA ilifikiri kwa miji mikubwa na maamuzi yake yalitoka London. Fresson, aliyezoea kuamua mwenyewe akiwa ameukabili upepo, hakuelewana na wakubwa hao. Mwaka 1948 aliachishwa kazi. Watu wa visiwani walikasirika na kusema wazi, ila uamuzi haukugeuzwa. Alifariki 1963, na kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka miaka minne baadaye.

Naliona hilo kuwa kosa kubwa la kipindi kile. Pamoja naye lilipotea wazo lenyewe kwamba kisiwa chenye watu mia moja kinastahili ndege ya ratiba. Kwa miaka 28, tangu 1939 hadi 1967, North Ronaldsay, Sanday, Stronsay na wenzao walirudi kutegemea meli, na mashamba yaliyosawazishwa yakaliwa na ng'ombe.

1948–1967: Mjenzi wa daraja

Ndege ya wagonjwa iliendelea chini ya BEA. Rapide zilistaafu katikati ya miaka ya 1950 zikapisha Heron ya injini nne. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1957 Heron moja ikaanguka Islay katika hali mbaya ya hewa, ikienda kumchukua mgonjwa. Rubani, mwendesha redio na muuguzi waliokuwamo walikufa. Huduma haikusimama.

Ufufuo wa visiwa vidogo ulitoka pembeni kabisa. Willie Logan alikuwa mkandarasi wa Muir of Ord, na kampuni yake ndiyo iliyojenga daraja la barabara la Tay huko Dundee. Kusafiri kwa ndege ya kukodi kulimwokolea siku nzima njiani, akaona wengine nao wangefaidika. Februari 1962 akaanzisha Loganair akiwa na Piper Aztec moja. Hakuishi kuona matunda: Januari 1966 alikufa katika ajali ya ndege ya kukodi, si ya kampuni yake, karibu na Inverness.

Mwaka huohuo wanajeshi wahandisi walitengeneza kiwanja cha nyasi cha Glenforsa kwenye kisiwa cha Mull kwa siku 54, kando ya bahari. Na huko kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, John Britten na Desmond Norman walikuwa wamemaliza ndege iliyoruka mara ya kwanza Juni 1965: Islander. Bawa moja refu juu, injini mbili, magurudumu yasiyokunjwa, milango ya pembeni kama ya gari kwa sababu ndani hakuna ujia, na abiria mmoja anaketi bega kwa bega na rubani. Haina urembo wowote. Kila kitu ndani yake kimewekwa kwa ajili ya uwanja mfupi na mbovu.

Loganair iliipokea Islander yake ya kwanza Agosti 1967, na mwaka huohuo safari za visiwa vya Orkney zikafufuka.

1967–2006: Dakika mbili

Mashamba yalifunguliwa upya, wakulima wakaombwa tena. Kutoka Westray hadi Papa Westray ni kilomita 2.7, na ratiba huipa safari hiyo dakika mbili, fupi kuliko safari yoyote ya ratiba duniani. Upepo ukisukuma vizuri, imewahi kukamilika kwa sekunde 53. Watu wa nje huichukulia kama kituko cha kitabu cha rekodi. Kwa wakazi ni mwalimu wa muziki anayefundisha visiwa kadhaa katika wiki moja, daktari wa meno, mwanafunzi, na mfanyakazi wa benki aliyefungua ofisi kwa saa chache kisha akaruka kwenda kisiwa kingine.

Udhaifu wa nyasi ulibaki palepale. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwashauri marubani waongeze asilimia 20 kwenye umbali wa kupaa pakiwa na nyasi kavu, na asilimia 30 zikiwa mbichi kwa mvua. Kwenye njia ya mita 500 hesabu hiyo huamua kama abiria wa mwisho atapanda au atabaki. Ndiyo maana halmashauri ya visiwa vya Orkney, inayomiliki viwanja hivyo sita, iliimarisha njia kuu kwa kokoto zilizoshindiliwa na kuacha nyasi kwa njia za pembeni, zinazotumika upepo unapogeuka. Wahudumu wa zimamoto ni wakazi wenyewe. Anayevaa koti la zimamoto ndege inapokaribia ndiye aliyekuwa akilisha mifugo muda mfupi kabla.

Glenforsa nako kuliacha fumbo. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1975 Peter Gibbs, rubani wa vita vya pili na mpiga fidla, alipaa peke yake kwa Cessna 150 kwenye kiwanja kisicho na taa, mwenzake akimwonyesha njia kwa tochi. Hakurudi. Mwili wake ulipatikana Aprili mlimani, si mbali na kiwanja, bila majeraha makubwa na bila ndege. Marubani wa ndege ndogo wanaokwenda Mull bado wanalijadili.

Ndege ya wagonjwa iliyokuwa mikononi mwa Loganair ilipata pigo Machi 2005, Islander ilipoanguka baharini karibu na Campbeltown, ikawaua rubani na mhudumu wa afya. Mwaka uliofuata mkataba ulihamia kampuni nyingine, yenye ndege kubwa zaidi na helikopta. Ikawa mwisho wa mstari ulioanza na yule mvuvi wa Islay.

Tangu 2019: Jina la Fresson

Leo marubani binafsi kutoka sehemu nyingi za Ulaya huja Orkney, Mull na Shetland wakati wa kiangazi na ndege zao za viti viwili au vinne. Desturi ya 1934 haijafutika: unapiga simu kwanza, unauliza hali ya nyasi, unaambiwa kama kondoo wamehamishwa na kama kona ya chini imejaa maji. Anayejibu simu anaijua ardhi ile kuliko ramani yoyote.

Mwaka 2019 mradi wa kuigeuza Islander iachane na petroli ulitangazwa, ukaitwa Project Fresson. Ulianza na wazo la betri, kisha 2021 ukahamia kwenye haidrojeni, kwa sababu betri ni nzito mno. Agosti 2021 ndege ya majaribio ya kampuni ya Ampaire, yenye injini ya umeme na nyingine ya mafuta, iliruka kati ya Kirkwall na Wick, njia ileile ya Monospar ya 1933. Wahandisi wanaozishughulikia injini hizo wamelikuta tatizo alilolijua Fresson. Uzito ukizidi, kinachohitajika ni njia ndefu zaidi, na njia ikirefushwa Papa Westray au North Ronaldsay, inaingia kwenye malisho ya mtu. Itabidi aende mtu kumwomba.